Gari Jekundu la Issuna

Dorkas Ntandu alikuwa na miaka arobaini na minne alipoamua kwamba ni lazima amiliki gari la rotari. Hakuwa mtu wa anasa. Gereji yake pale Misuna, Singida mjini, ilitengeneza injini za mashine za kukamulia alizeti, na msimu wa mavuno ulipoanza, watu wa Sepuka na Mtinko walimjia tangu alfajiri. Lakini ujana wake, alipokuwa akijifunza ufundi Arusha, aliwahi kuletewa injini ya rotari ndani ya sanduku, imefunguliwa vipande vipande, akaambiwa aiunge. Ndani yake hamkuwa na pistoni hata moja. Mlikuwa na vyuma viwili vya pembetatu vinavyozunguka badala ya kupanda na kushuka. Ilipowaka ilitoa mlio mmoja laini usio na kugongagonga, na tangu siku hiyo kila injini nyingine ilisikika masikioni mwake kama mtu anayebisha hodi.

Mkoa mzima wa Singida magari ya namna hiyo yaliyokuwa yanauzwa yalikuwa mawili. La kwanza, jeupe, lilikuwa la Michael Kingu, fundi mwenzake waliyejifunza naye kazi kule Arusha. Hilo halikuwa na turbo. Michael alikuwa analiuza kwa sababu lilikuwa fupi mno, na mgongo ulimkatalia kukaa chini namna ile. La pili, jekundu, lenye turbo, lilikuwa Issuna, kwa mama mmoja aitwaye Luciana.

"Nakwambia haya huku nauza, kwa hiyo uyapime mwenyewe," Michael alisema wakiwa njiani kwenda Issuna, ndani ya pikapu ya Dorkas. "Kwa mtu anayeanza, chukua isiyo na turbo. Inavuta hewa yenyewe, kadiri inavyohitaji. Joto lake ni la kawaida. Ikikosewa kidogo inakuvumilia."

"Na yenye turbo?"

"Ile inasukumiwa hewa. Moshi unaotoka unazungusha feni, na feni inashindilia hewa ndani. Yaani pumzi iliyokwisha kutoka ndiyo inayorudi kufanya kazi. Nguvu unapata, tena nyingi. Lakini moto wake ni mkali, na ikiharibika haikwambii mapema."

Dorkas alitikisa kichwa kukubali, maana yote aliyajua. Ila tangu alipopata habari za lile jekundu, usingizini alikuwa akisikia filimbi ya turbo. Moyoni alikwisha kuchagua.

Luciana aliwapokea kwenye kibaraza cha nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Alikuwa mwanamke wa miaka karibu sitini, mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Walimwamkia shikamoo, akawaitikia, akawapa viti na maji. Halafu alieleza habari za gari bila kuulizwa.

Lilikuwa la mume wake, Deo, aliyekuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam. Alilinunua bandarini, na kila alipokuwa nyumbani alilitoa saa sita mchana, akaenda nalo hadi kwenye mawe makubwa yaliyo kando ya barabara ya Ikungi, akarudi. Alisema injini hiyo haitaki kuwashwa na kuzimwa ikiwa baridi. Siku moja, miaka sita iliyopita, hakurudi. Gari lilikutwa pale kwenye mawe, milango imefungwa, ufunguo mahali pake, injini inanguruma. Kijiji kizima kilitafuta kwa wiki mbili, vichakani na kwenye nyufa za mawe. Haikupatikana hata kandambili.

"Shemeji zangu waliweka msiba bila mwili," Luciana alisema. "Wananiita mjane. Mimi nilijua ameondoka na mwanamke. Dereva wa lori, unafikiri nini kingine? Wanasema niliuze gari, na mimi nimekubali. Nimechoka kuliona."

Gari lilikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Michael alivuta turubai, vumbi likapanda. Lilikuwa dogo, la milango miwili, na viti vyake vya nyuma vilikuwa vifinyu hata ungesema ni vya watoto. Betri ilikwisha kutolewa, na tangi lilikuwa kavu. Dorkas aliweka kiganja kwenye boneti akakiondoa haraka.

"Ni ya moto," alisema.

"Mabati haya," Michael akajibu. "Jua."

Dorkas aligusa mlango, akagusa paa. Vyote vilikuwa vya uvuguvugu tu. Boneti peke yake ndiyo ilikuwa na joto la injini iliyotoka safari. Walifunga betri waliyokuja nayo, wakatia petroli na oili mpya, wakabadilisha plagi. Dorkas alipima kwa vidole nafasi kati ya tairi la nyuma na bodi, kama alivyopima kila gari: vidole vinne. Springi zilikuwa nzima. Stata iliguna mara moja, na injini ikawaka kana kwamba ilizimwa jana.

Luciana alikataa kwenda nao. "Nendeni mpaka kwenye mawe mrudi," alisema. "Mtakuwa mmeshaliona."

Ilikuwa karibu saa sita. Dorkas alishika usukani, Michael akakaa kushoto. Walipoingia lami aliliacha gari lipate joto taratibu, mshale wa mizunguko ya injini ukicheza kwenye elfu mbili, elfu tatu. Pande zote mbili alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa vizito vikisubiri kuvunwa, na barabara ilikuwa tupu. Kisha akakanyaga.

Mshale ulipopita elfu nne filimbi ilianza, nyembamba, ikapanda, na kitu kikamsukuma mgongoni kwa nguvu iliyomfanya acheke kwa sauti. Miaka yote ile hakuwa amekosea. Alipoachia mafuta, turbo ilishusha pumzi ndefu. Akakanyaga tena. Mbele, upande wa kulia, aliyaona mawe, makubwa, yamepandana.

Halafu akawa anatazama nyumba za kwanza za Ikungi.

Alipunguza mwendo. Hakukumbuka kuyapita mawe. Hakukumbuka vilima viwili vilivyofuata, wala kituo cha mafuta. Saa ya mkononi ilionyesha kwamba dakika kumi na tano zilikuwa zimepita. Mkono wa Michael ulikuwa umekamata mpini wa mlango.

"Michael, mawe yako wapi?"

"Tumeyaacha nyuma." Hakumtazama. "Kwa nini ulisimama?"

"Sijasimama."

"Dada Dorkas, ulisimama. Uliegesha kando, ukashuka, ukalaza kiti chako mbele, ukashika mlango wazi. Nikakuuliza kuna nini, hukunijibu. Uliongea na mtu."

"Mtu gani?"

"Sikuona mtu. Ulimwamkia shikamoo. Kisha ukaongea Kinyaturu, kile cha wazee, mimi Mnyaturu mwenyewe maneno mengine sikuyashika."

Dorkas aliegesha gari. Yeye ni Mnyiramba wa Kiomboi. Kinyaturu chake hakikuzidi salamu za sokoni, na Michael alilijua hilo kwa miaka ishirini.

"Nilisema nini?"

"Ulimwambia asamehe, kwamba mmechelewa. Ukamwambia aangalie kichwa."

Lori moja liliwapita, gari likatikisika. Dorkas alitazama kwenye kioo cha ndani. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu, jua limelala juu ya kitambaa chake. Alishuka, akaenda nyuma, akachutama kwenye tairi, akaingiza vidole vyake kati ya tairi na bodi. Viliingia viwili.

"Springi zimechoka," Michael alisema kutoka ndani, ingawa hakuwa ameulizwa na hakuwa amegeuka kuangalia.

Walirudi polepole. Mikono ya Dorkas ilikuwa imezoea kusoma mashine, na ilimweleza kila kitu: mkia ulikuwa mzito kwenye kona, breki zilichelewa kidogo, usukani ulikuwa mwepesi. Gari lilikuwa limebeba mtu mzima nyuma. Hakuuruhusu mshale ufike elfu tatu, na chini ya hapo turbo haina kazi ya kufanya wala sauti ya kutoa. Hata hivyo pumzi ilisikika. Ilivutwa, ikashushwa, ikavutwa tena, kwa utulivu, nyuma kidogo ya sikio lake la kushoto. Ilinuka tumbaku. Michael alikuwa anasali bila kutoa sauti, midomo tu ikienda. Walipoyapita mawe hakuna aliyegeuza shingo.

Luciana alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Hakuwatazama wao. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha dirisha la nyuma, na mikono ilikuwa imeshuka tu pembeni. Dorkas alizima injini. Michael alishuka haraka akasogea mbali hadi kwenye ukuta wa nyumba.

Luciana akaja upande wa kushoto. Alikilaza mbele kiti alichotoka Michael, akaushika mlango, akasubiri kama unavyomsubiri mtu mwenye magoti mabaya. Dorkas alikuwa bado kwenye usukani, na alilihisi kabla ya kuliona: sehemu ya nyuma ya gari iliinuka, taratibu, upande mmoja kwanza, kisha mwingine.

Mama yule alisema maneno machache kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mke anayehofia chakula kitapoa. Kisha alitembea kuelekea nyumbani, akikaa upande mmoja wa njia, na mlangoni akapisha kwanza ndipo akaingia.

Alikaa ndani karibu nusu saa. Michael alitaka waondoke, lakini Dorkas alikuwa na ufunguo mkononi na hakujua auache wapi. Luciana alipotoka, uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta.

"Miaka sita nimemkasirikia," alisema. "Nimemtukana kila usiku. Kumbe alikuwa anasubiri gari lake."

Akamgeukia Dorkas.

"Nilikuahidi kukuuzia, mwanangu, na ahadi yangu haijabadilika. Shemeji zangu watafurahi. Ulitaka lenye nguvu, ndilo hili. Ukilichukua, litakuwa lako na yote yaliyomo."

Dorkas alilitazama gari. Aibu yake ni kwamba bado alilitaka. Alilitaka hata wakati ule, na harufu ya tumbaku ikiwa kwenye nguo zake. Aliufikiria ule msukumo mgongoni, ile filimbi. Akafikiria pia asubuhi za Misuna, yeye akifungua geti la gereji, na mtu mwenye magoti mabaya amekaa kiti cha nyuma, hajui yuko wapi, anauliza kwa lugha ambayo mwenye gari haielewi.

"Mama," alisema, "akitaka kutoka tena kesho, atapanda nini?"

Aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha Luciana, akavifunga vidole vyake juu yake.

Jioni ile alilichukua gari jeupe la Michael. Lilikuwa gari zuri. Nguvu yake ilipanda bila kushtua, kadiri ulivyoliomba, na mlio wake ulikuwa uleule wa Arusha. Akalizoea, akalipenda, na watoto wa shule pale Misuna wakawa wanalipungia mkono. Ni kweli kwamba wakati mwingine, kwenye barabara iliyonyooka, alikanyaga hadi mwisho na kusubiri kitu ambacho hakikuja.

Miezi mitatu baadaye Luciana alimpigia simu. Alikuwa amejifunza kuendesha, alisema; dereva wa parokia alimfundisha. Sasa alikuwa analitoa gari kila saa sita mchana hadi kwenye mawe na kurudi, na plagi zilihitaji kubadilishwa. Dorkas alienda peke yake. Alimkuta mama amekonda lakini amechangamka, amepaka wanja, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke wa umri wake pale kijijini.

Alifanya kazi yake. Kwenye kiti cha nyuma mkanda ulikuwa umefungwa, umekazwa juu ya hewa tupu. Aliuacha hivyo.

"Kuna jambo jingine," Luciana alisema Dorkas alipokuwa anafunga boneti. "Kiti cha dereva kimekwama kwenye reli. Naomba ukirudishe nyuma."

"Nyuma? Mama, miguu yako haitafika kwenye pedali."

"Siyo kwa ajili yangu," Luciana akasema. "Ananiomba nimpishe."

Dorkas alisimama na kitambaa cha oili mkononi. Angeweza kusema kwamba reli imekufa na haitengenezeki. Mama yule angemwamini. Lakini hakuwahi kumdanganya mteja, na Luciana alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hayakuwa na hofu yoyote, macho ya mtu anayeomba kiti cha mgeni. Alipiga magoti, akatia grisi kwenye reli zote mbili, akakisukuma kiti. Kilikataa, kikalia, halafu kikateleza chenyewe hadi mwisho kabisa.

Hulihudumia gari hilo mpaka sasa, kila baada ya miezi mitatu, na kila mara hulikuta safi, na namba za kilomita zimeenda mbali kuliko safari za kwenye mawe na kurudi. Luciana humpikia ugali na mlenda, wakala, wakazungumza habari za mvua. Watu wa Issuna wanasema mama huyo hupita barabarani saa sita mchana akiwa amekaa kushoto, mikono magotini, kitambaa kimefungwa vizuri. Ukiwauliza nani alikuwa kwenye usukani, wanasema jua lilikuwa linawapiga machoni.