Nahodha Hilmar Apitishwa Kwake

Kipaza sauti kilikohoa, kisha sauti ikatangaza kwa upole wa mtu ambaye hajafiwa: kwa sababu ya hali ya bahari, meli haitafunga gati Skarvnes. Abiria wa Skarvnes waendelee hadi bandari ya mbele. Kampuni inaomba radhi kwa usumbufu.

Usumbufu! Ragna alikuwa koridoni, mikono miwili kwenye kamba iliyofungwa ukutani ili abiria wasianguke, na neno hilo likamchoma kuliko baridi ya nje. Baba yake alikuwa ndani ya jeneza kule chini kwenye shehena, amekazwa mikanda kati ya makreti ya maziwa na pikipiki ya theluji ya mtu. Kule nyumbani wanaume walikuwa wameyeyusha ardhi kwa moto siku kadhaa ndipo wakapata kaburi, na mwezi ule wa Januari kaburi halisubiri mtu, huganda tena. Barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji. Kama si meli hii, basi hakuna njia.

Meli ilipanda wimbi, ikasita, ikaporomoka. Jikoni vyombo vikalia. Wahudumu walikuwa wamelowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze, lakini wa kula walikuwa wapi? Wengi walikuwa vitandani na mifuko ya kutapikia. Wachache wenye matumbo ya chuma walijibana dirishani wakishangilia kila wimbi kama watoto kwenye bembea.

"Una bahati wewe kuishi huku!" mtalii mmoja alimwambia Ragna, simu mkononi.

Ragna alimkazia macho mpaka yule bwana akakumbuka ana shughuli kwingine. Kisha akapanda ngazi, akipigizwa ukuta huu na ule, hadi chumba cha usukani, akafungua mlango bila kubisha.

Nahodha Eilif alikuwa amesimama miguu kando, uso kwenye kioo. Huyu Eilif si mgeni. Ni mtoto wa Skarvnes, na ubaharia alifundishwa na huyo huyo aliyelala kule chini, kwa maana marehemu Hilmar ndiye aliyeshika usukani wa njia hii miaka mingi kabla yake.

"Ragna, huruhusiwi huku."

"Niruhusu au usiniruhusu, nimeshafika. Ingia bandarini."

"Haiwezekani. Upepo umegeukia kaskazini-magharibi. Tazama mwenyewe pale kwenye mlango wa bandari."

Ilikuwa adhuhuri, lakini jua la huko halichomozi majira yale; kulikuwa na weupe wa samawati tu, na ndani yake mawimbi yalikuwa yakipasuka juu ya ukuta wa bandari. Nyuma ya ukuta taa za magari zilikuwa zimepangwa gatini. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja kumpokea.

"Mlango huo unaujua kama mfuko wako," Ragna alisema. "Baba alikufundisha kuuingia ungali na chunusi usoni."

"Alinifundisha na siku ya kutouingia."

"Usinisomee msahafu wa baba yangu! Ingekuwa ni watalii wako wanataka kupiga picha pale, ungeingia!"

Kabla Ragna hajaongeza, redio ilikwaruza. Skarvnes kila jiko lina redio ya baharini dirishani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake Ragna, bibi Oddlaug, kavu kama samaki wa kwenye vichanja.

"Eilif. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Mawimbi ya mlangoni unayaona?"

"Nayaona."

"Basi ukiniletea watu wote hao kwenye miamba kwa ajili ya maiti moja, nitashuka gatini nikuchape kwa mkono wangu. Pita. Huyo mwenyewe kanipita miaka yote ya ndoa yetu, kila bahari ikichafuka. Ragna nilimzaa yeye akipita. Nimezoea."

Hata mama! Ragna alikuwa amekuja kupigana, na mwenye haki ya kwanza ya kupigana alikuwa amesalimu amri. Eilif alishusha pumzi, akafuta jasho.

"Asante, mama. Nilijua utaelewa."

"Sijamaliza," redio ilisema. "Alfajiri bahari ilikuwa tulivu. Mlitakiwa kuwa hapa kabla upepo haujageuka. Sisi huku tunaitazama meli kwenye simu, Eilif, hata mtoto anajua ilipo. Tulikuona ndani ya ghuba unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kulikuwa na nini?"

Msaidizi wa Eilif, pale kando yake, aliinamia ramani kana kwamba amepoteza sindano. Mashua zote za uvuvi za pwani ile zilikuwa zikisikiliza, na Eilif alijua.

"Kulikuwa na tai, mama," alisema hatimaye. "Wageni walitaka kuwaona. Ofisi ilisisitiza."

"Waliwaona?"

"Waliwaona."

"Heri wao," alisema bibi Oddlaug, akazima.

Hasira ya Ragna ilikuwa imetapakaa kote, juu ya bahari, juu ya upepo, juu ya kampuni. Sasa ilikusanyika mahali pamoja. Aliyasaka matusi yote aliyokuja nayo kutoka ngazini, akayaona hayatoshi.

Eilif, macho yamemlowa, alinyoosha mkono kwenye kitufe cha honi. Ndiyo desturi ya pwani ile: nahodha aliyezuiwa na bahari hupiga honi mara tatu akipita, kuwaambia walio gatini kwamba alitaka kuja akashindwa. Hilmar aliipiga maisha yake yote.

Ragna aliupiga mkono ule kofi.

"Usithubutu! Hiyo ni ya aliyeshindwa. Wewe hukushindwa, Eilif. Wewe ulikuwa unatazama ndege."

Mkono ulirudi kwenye usukani. Meli ikaupita mlango wa Skarvnes kimya, na kule gatini hakuna aliyezima taa za gari lake, kwa kuwa walikuwa bado wanaisubiri honi.