Nahumu Anachagua Bodi

Tangu kiharusi kimpate Nahumu, mkewe Hulda alijifunza kufurahia vitu vidogo. Mzee akimaliza uji wake, Hulda anafurahi. Akiulizia shati la kwendea kanisani, anafurahi. Lakini kilichomfurahisha kuliko vyote ni kumwona mumewe amekaa juani nje ya nyumba yao pale Njombe, simu ya binti yao Rejoice ameivuta karibu na pua, anachagua bodi.

Bodi yenyewe ni kibao kidogo kinachoenea kiganjani, na katikati yake ipo chipu ambayo mafundi huiita FPGA. Nahumu alimweleza mkewe kwa subira, maana siku hizo maneno yalimtoka polepole. Chipu nyingine huzaliwa na kazi yake, alisema. Ya redio ni ya redio mpaka ife. Hii hutoka kiwandani haijui kitu, na wewe ndiye unayeipangia iwe nini.

"Kama shamba lililolimwa halijapandwa," Hulda alisema.

Nahumu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unacheka.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa mitambo ya simu za waya, mpaka mitambo ile ikang'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Alichotaka sasa ni kuipanda upya ndani ya chipu moja. Simu mbili za zamani alikuwa nazo bado. Moja angeiweka jikoni na nyingine chumbani, ziitane. Tangu augue hakutaja jambo lingine lolote la kesho. Ndiyo maana Hulda aliishika bodi hiyo moyoni kama mtu anavyoshika dawa.

Tatizo ni kwamba kila bodi ilikuwa na kasoro. Moja ilikuwa rahisi, lakini chipu yake ndogo, mitambo isingeenea. Nyingine ilikuwa na nafasi tele, ila programu ya kuiendesha ingemeza kompyuta yote ya Rejoice na bado idai zaidi. Ikaja iliyong'olewa kutoka kwenye bango la taa zinazotembeza maandishi, bei ya kutupa, lakini hiyo ilitaka kuchomewa risasi ya kuungia nyaya huku na huku kabla haijafaa.

"Mama," Rejoice alisema siku moja, "baba anachagua bodi au anachagua mchumba?"

"Mwache. Wewe mwenyewe uliwakataa wangapi?"

"Mimi nilikuwa na sababu!"

"Na yeye anazo. Msikilize."

Rejoice ndiye aliyepata habari za Rodrick, fundi wa mabango ya taa kule Lyamkena, Makambako. Alikuwa na bodi ya wastani kwa kila kitu, na alikubali mzee aijaribu kwanza. Jirani yao Abrahamu, aliyekuwa akipeleka maparachichi Makambako, akawaambia watapanda naye mbele. Asubuhi hiyo Hulda alikuta kwenye kiti cha lori mto, foronya yake ikiwa imepigwa pasi. Abrahamu alikuwa ameutoa kitandani kwake. Hulda aliuweka vizuri mgongoni kwa Nahumu na kuupapasa mara mbili.

Duka la Rodrick lilikuwa jembamba, limejaa nyaya na mabango yasiyowaka. Mwenyewe alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu. Alipowaona alizima redio.

"Kamwene, mzee. Shikamoo mama. Karibuni, kiti hicho hakiumi."

"Marahaba, mwanangu," Hulda alijibu. "Kikiuma utakilipia wewe."

Rodrick akacheka, akaitoa bodi kwenye kitambaa na kuiweka mezani. Nahumu aliigeuza kwa mkono wa kushoto, akaisoma chipu, akasoma mgongo wake. Hulda alisubiri kasoro. Haikuja.

"Nafasi yake inatosha," Nahumu alisema taratibu. "Programu yake?"

"Ya bure, mzee, na ni nyepesi. Kompyuta yoyote."

Rodrick akachomeka bodi kwenye kompyuta yake, akamkabidhi mzee karatasi ya mchoro na waya mmoja mwembamba. "Matundu haya yana namba. Waya ukiingia la nne, taa inawaka. Hili la saba, lenye wekundu, tusiliguse. Umeme wake ni mkubwa, utaiunguza chipu."

Nahumu akauchukua waya. Mkono ukatetemeka. Ncha ikagonga pembeni, ikagonga tena, ikateleza. Rodrick akageuka upesi, akaanza kutafuta kitu kwenye boksi ambalo Hulda aliliona tupu.

"Waya za siku hizi hovyo kabisa," kijana alisema akiwa amewapa mgongo.

Hulda akavuta kiti. "Nipe mimi. Mimi mkono, wewe kichwa. Si ndivyo tulivyolima miaka yote?"

Nahumu alimtazama mkewe, kisha akaushusha waya kiganjani mwake. Aliisoma karatasi kwa muda mrefu, kidole kikiwa juu ya namba ya nne.

"Weka la saba," alisema.

Mkono wa Hulda ukasimama hewani. Alidhani mumewe atajisahihisha. Nahumu alikuwa anaingoja taa, uso umetulia, hana shaka hata chembe.

"La nne, mama," Rodrick alisema kwa upole, bila kugeuka. "Mzee amesema la nne."

Hulda akauchomeka waya kwenye la nne. Taa ya kijani ikawaka, ndogo kama punje ya mtama.

"Umeona, Baba Rejoice!" alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyotaka.

Nahumu hakuitazama taa. Aliwatazama wao, mmoja baada ya mwingine.

"Nimesema ngapi?"

Rodrick akaendelea kupekua boksi lake tupu. Nje mtu alikuwa anapigia kelele mnunuzi wa viazi.

"Hulda. Nimesema ngapi?"

Mkewe hakuwahi kumdanganya, na hakujua aanzie wapi. "Umesema saba, baba."

Nahumu akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa habari alizokwisha kuzisikia. Hapo ndipo Hulda alipoelewa kwamba zile kasoro zote zilikuwa ukuta. Mumewe aliujenga kwa mwaka mzima ili asifike kwenye kiti hiki.

"Mkono ungenikopesha," alimwambia. "Hili la kichwani huwezi."

"Tutajaribu tena. Polepole."

"Zima, mwanangu," Nahumu alimwambia Rodrick. "Ahsante. Umenisitiri."

Rodrick alichomoa waya, akaifunga bodi kwenye kitambaa chake. Akasema ataiweka, hatamuuzia mtu. Nahumu akamwambia auze.

Walimngoja Abrahamu kando ya barabara, upepo ukiwapiga miguuni. Hulda alisimama upande unakotoka upepo.

"Ni bodi nzuri, Mama Rejoice," Nahumu alisema baadaye. "Haina kasoro."

Hulda akamshika mkono ule unaotetemeka, akaubana ubavuni mwake, wakabaki hivyo wanatazama magari yanayokwenda Njombe.