Neno Kwenye Mlango wa Banda

Herufi za mkaa zilikuwa ndefu kama meno ya reki. Zilijaa mlango mzima wa banda la ng'ombe, na kando yake alisimama kaka yangu Wattie, mweusi hadi viwikoni, akitabasamu.

"Nimeandika mwenyewe, dada. Jina langu na kazi yangu. Mwalimu akija leo ataona."

Nikasoma. Ndoo ya maziwa ikawa nzito ghafla.

Wattie Mutch, Punguani.

Sasa nina miaka sabini na mitatu, na bado naliona neno lile.

Ulikuwa mwaka wa 1871, mwaka wa kuhesabiwa watu. Mwalimu Cruden, aliyepita nyumba kwa nyumba kwa kazi hiyo, alituachia karatasi siku chache kabla. Baba alikuwa mtu wa plau. Alijua farasi, hakujua kalamu. Basi nikaijaza mimi, Elspet, wa miaka kumi na minne, niliyejiona msomi wa kijiji chetu kizima cha Auchlee. Majina, umri, kazi, chumba kimoja chenye dirisha. Wattie alikuwa na miaka ishirini na miwili, lakini hakuwa na mshahara, kwa hiyo kwenye safu ya kazi nilimwachia pengo. Safu ya mwisho iliuliza nani kipofu, nani bubu, nani punguani. Nilitaka karatasi yangu isiwe na kasoro. Nikaandika.

Wattie akaja kuchungulia. "Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha jina lake. Hakuwahi kuliona limeandikwa. Akaligusa taratibu, kama anavyogusa pua ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, kisha kidole kikateleza hadi mwisho wa mstari.

"Na hili?"

Mama aliinua macho kutoka kwenye sufuria ya uji. Hakujua kusoma, ila alinijua mimi.

"Mtunza ng'ombe," nikasema.

Wattie aliyanakili maneno hayo yote, jina na lile la mwisho, kwenye kipande cha karatasi, ulimi nje, akayalalia usiku kucha.

Na asubuhi ile ya Jumatatu, mbele ya mlango, nilipomwambia afute, uso ulimshuka.

"Nimekosea tena?"

"Wewe hujakosea. Nimekosea mimi. Hilo neno silo."

"Linasemaje?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Nikamwambia. Alilijua, watoto walimpigia kelele nalo kila Jumapili getini mwa kanisa.

Ng'ombe walikuwa wakimwita kutoka ndani. Hakwenda.

"Uliandika wewe?"

"Mimi."

Nikasubiri alie. Badala yake, kicheko kikaanza tumboni kikapanda hadi mabegani.

"Kumbe hata wewe, Elspet! Hata wewe unakosea!"

Tuliusugua mlango pamoja. Nikalikwangua neno kwenye karatasi kwa wembe wa baba, nikajaza pengo la kazi, Mtunza ng'ombe, kisha nikamshika mkono Wattie, herufi kwa herufi, tukaandika upya mlangoni.

Mwalimu Cruden alipofika, alipitisha kidole gumba juu ya pale palipokwanguliwa. Akautazama mlango uliolowa.

"Nani ameandika pale?"

"Mimi," akasema Wattie. "Dada alikosea, nikamsaidia kurekebisha."

Mwalimu akanigeukia.

"Ni kweli, mwalimu," nikasema.