Kikapu cha Wimbi

Mwalimu Ombui alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusoma kitu kizuri peke yake. Akikuta habari tamu gazetini, lazima atafute mtu wa kumsomea, hata kama mtu huyo yuko mbioni kwenda chooni. Wenzake katika ofisi ya walimu walishamzoea. Walisema ni ugonjwa usioua, na kwa muda mrefu hata yeye aliamini hivyo.

Alikuwa Mgusii, Msabato, aliyehamishiwa shule moja ya msingi mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Rongo, katikati ya mashamba ya miwa na maboma ya Waluo. Alifunza jiografia, historia na uraia. Watoto wa darasa la nne walitakiwa wajue historia ya wilaya yao, na shida ilianzia hapo, kwa sababu wilaya yenyewe ilikuwa mpya. South Nyanza ilikuwa imemegwa, Migori ikawa wilaya, Homa Bay nayo ikawa yake, lakini vitabu vikabaki vilevile. Ombui aliandika barua kuomba kitabu kipya, hakujibiwa. Mwaka wa tisini na nne akaona basi, watakiandika wenyewe.

"Nendeni muulize nyumbani," aliwaambia watoto. "Nani alifika hapa kwanza, alitoka wapi, alikuja kwa nini. Andikeni kwa Kiswahili, Kiingereza kisiwatese."

Watoto thelathini na wanane walileta karatasi. Thelathini na saba kati yao walikuwa na babu wa babu aliyetoka Sudan akifuata Mto Nile na ng'ombe wake, akafika hapa siku ya Jumanne. Ombui alicheka mpaka machozi. Hakujua ni nani aliyeibuni ile Jumanne, ila ilikuwa imepita dawati kwa dawati kama surua.

Karatasi ya thelathini na nane iliandikwa na Cate, msichana wa miaka kumi na mmoja, mkimya, aliyeishi na babu yake karibu na mto. Hakuiweka pamoja na za wenzake. Alingoja darasa litoke, akaitoa kwenye mfuko wa sweta ikiwa imekunjwa mara nne.

"Babu amesema nikupe wewe, mwalimu."

"Kwani ungempa nani mwingine?" Ombui alisema, akaifungua.

Ilisema hivi: "Babu yangu ni Elijah. Hakuzaliwa hapa. Alizaliwa juu milimani kwa Wagusii. Wazungu walipomaliza vita vyao vya kwanza kulikuwa na njaa. Mama yake aliitwa Bochere. Walishuka wawili, wakalala njiani mara moja. Mtu wa hapa alimpa mama kikapu cha wimbi la uji, na mama akamwambia babu angoje karibu na ghala, anaenda mtoni kunywa maji. Babu aliona amebeba kikapu. Alingoja. Huyo mtu akawa baba yake, akampa shamba. Kule kwao kulikuwa na mwamba mweupe juu ya nyumba. Kaka yake aliitwa Onyancha. Babu anauliza kama huko bado kuna watu."

Ombui aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Mwamba ule aliujua. Aliupita kila alipokwenda kwa wajomba zake. Alisikia furaha kubwa, furaha ya mwalimu aliyefundisha miaka kumi na miwili mambo ya mbali na sasa, kwa mara ya kwanza, historia imemjia yenyewe mlangoni. Tena historia ya watu wake. Alichukua kalamu nyekundu akaweka tiki kila mstari, na wa mwisho pia, halafu akaandika kumi kwa kumi.

Kesho yake aliisoma mbele ya darasa. Siku ya wazazi ilipofika, akaibandika ukutani, katikati, palipo na mwanga.

Mwalimu Helen, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa Mluo wa kutoka Homa Bay. Aliisoma asubuhi ile kabla wazazi hawajafika.

"Ombui, hiyo moja toa," alisema. "Huku kwetu mtu akishakuwa wa boma, mambo ya alitoka wapi hayasemwi. Hata watoto wake hawaulizwi."

"Historia ni historia, madam."

"Ni ya huyo mzee. Si ya ukuta."

Ombui alitabasamu. Alidhani ni wivu kidogo, kwa kuwa darasa la Helen lilikuwa limebandika michoro ya jembe na panga. Miaka mingi baadaye, kila alipokumbuka tabasamu lile, alitamani kujizaba kofi.

Wazazi walikuja, wakanywa soda, wakapita ukutani. Alipita pia Chrispine, mwanakamati wa shule. Babake Chrispine na Mzee Elijah walilelewa boma moja kama ndugu, na babake alikuwa amekufa, kama walivyokuwa wamekufa wote walioijua siri ya kikapu. Chrispine aliisoma karatasi ile kidole kikifuata maneno. Akarudia. Wazazi walipoondoka karatasi haikuwa ukutani, na Ombui, Mungu amsamehe, alifikiri kuna aliyeipenda mpaka akaichukua.

Baada ya wiki mbili wapimaji wa ardhi walitarajiwa, na naibu wa chifu akaitisha baraza. Ombui aliitwa kama shahidi. Aliikuta karatasi ya Cate juu ya meza, na matundu ya pini bado yanaonekana kwenye pembe zake.

Chrispine alizungumza kwa Kiswahili ili mwalimu asikie. "Mimi sina vita na jaduong', huyu mzee wetu. Lakini hii karatasi inasema yeye ni jadak, mtu alikaribishwa tu. Jadak analima, hawezi andikiwa shamba. Hilo shamba ya mto ni ya babu yangu, na litarudi kwa damu yake."

Mzee Elijah aliketi kwenye kiti cha mbele, kofia magotini. Alikuwa na miaka themanini na ushee. Alikuwa amelima shamba lile tangu ujana wake, na mkewe alikuwa amezikwa humo. Cate alisimama nyuma yake akishika mgongo wa kiti.

"Mwalimu," naibu wa chifu akasema, "wewe ndiye ulipea mtoto hii kazi. Hii kitu ni ya ukweli ama ni ya kutunga?"

Ombui alimtazama mzee, na mzee akatazama kofia yake. Ndipo alipoelewa kwa ukamilifu alichokuwa amekifanya, na alielewa pia kwamba hakuna aliyeweza kukitengeneza isipokuwa yeye, wala hakuna njia ya kukitengeneza isipokuwa moja.

"Ni ya kutunga," alisema. "Niliwaambia watunge hadithi ya zamani."

"Na hii kumi kwa kumi?" Chrispine akauliza.

"Alitunga vizuri."

Watu walicheka, kicheko cha watu waliotua mzigo. Wengi wao hawakutaka kumwona mzee akifukuzwa, walitaka tu sababu. Ila Cate hakucheka. "Mwalimu, mimi sikutunga," alisema, kwa sauti ndogo lakini baraza lote likasikia.

Mzee Elijah aligeuka kwenye kiti. "Cate, mwalimu amesema," alimwambia. Kisha akasimama taratibu, akanyoosha mkono kuelekea upande wa boma lao. "Mama yangu amelala pale. Alinipikia, alinizikia kitovu, na mimi nikamzika. Sina mama mwingine."

Naibu wa chifu alimpa Ombui kalamu aandike juu ya karatasi kwamba ni hadithi tu, faili lifungwe. Ombui akaandika. Mwandiko wake ulitoka mzuri kama kawaida, na jambo hilo lilimuuma baadaye kuliko yote. Wapimaji walipokuja, shamba la mto liliandikwa kwa jina la Elijah.

Jumamosi moja Ombui alikuwa akitoka kanisani Rongo, akamkuta mzee amekaa kwenye ukingo wa daraja. Hapakuwa na mtu mwingine. Ombui alianza kuomba msamaha, mzee akamkatiza.

"Japuonj, mwalimu wangu, ile karatasi sikutuma shule. Nilituma kwako. Nikisikia vile unaongea nilijua wewe ni mtu wa huko juu. Sasa ningekuja kwako namna gani? Watu wangeuliza jaduong' anatafuta nini kwa mwalimu Mkisii. Nikasema mtoto amepewa kazi ya shule, itapita hapo ndani. Wewe utasoma, utaniambia polepole."

"Ungetaka nikwambie nini, jaduong'?"

"Kama alifika na ile wimbi," mzee alisema. "Tulikuwa watoto watano. Mimi nilikula hapa siku hiyohiyo, samaki na kuon, ugali wa huku. Mpaka leo sijui kama wale wengine walikula."

Ombui aliikumbuka ile karatasi. Swali lilikuwa limeandikwa pale mbele yake, mstari wa mwisho, na yeye akaliwekea tiki. "Nitauliza," alisema. "Nikienda likizo ya Desemba nitauliza."

"Usiulize. Ukiuliza watajibu. Wakijibu watataka kuja kuniona, na wakija Chrispine atawaona." Mzee alivaa kofia. "Uliniokolea shamba, nakushukuru. Lakini hiyo ingine imekwisha." Akaondoka, na tangu siku hiyo kila alipomwona Ombui njiani alikata kona kupitia kwenye miwa.

Desemba Ombui aliuliza. Alijiambia atapita tu, lakini miguu ikampeleka mpaka chini ya mwamba mweupe, na hapo akamkuta Mogire, mtoto wa Onyancha, mtu wa makamo mwenye maneno mengi. Ombui alijifanya mwalimu anayekusanya habari za njaa za zamani. Mogire hakuhitaji kuchokozwa.

"Nyanya yetu Bochere alileta wimbi, watoto wanne wakapona," alisema. "Lakini yeye mwenyewe ule uji hakuuonja. Mwaka uliofuata wimbi likakubali sana. Akajaza kikapu, kikapu kikubwa kuliko kile, akashuka nacho kwenda kumkomboa mwanawe. Alimkuta anachunga ndama na watoto wengine, amenenepa, anaongea Kijaluo. Alisimama nyuma ya ua mchana kutwa. Akaogopa kumwita. Akapanda na kikapu chake, na mpaka alipokufa, kila tukivuna, alikuwa anaweka kando kikapu kimoja ambacho hakiguswi."

Ombui alirudi Januari na maneno hayo kifuani. Kwenda kwa mzee hakuthubutu, nyumba ya Chrispine ilitazamana na yake. Ilibaki njia ileile aliyoitumia mzee. Siku ya tatu ya muhula Cate, sasa wa darasa la tano, alileta madaftari ya wenzake katika ofisi ya walimu. Alikuwa amerefuka. Helen alikuwa akisahihisha mezani kwake, na walimu wengine wawili walikuwa wakinywa chai. Ombui alimsogelea akainama.

"Cate," alisema polepole, "ile habari ya babu yako uliyoniandikia. Kuna jambo nataka umpelekee."

Msichana alitazama mlango kwanza. Halafu akawatazama walimu, mmoja baada ya mwingine, akasimama wima kama anayejibu swali la mkaguzi.

"Ile nilitunga, mwalimu."

"Najua tulisema hivyo. Lakini babu yako angependa kusikia kwamba..."

"Nilitunga," Cate alisema, kwa sauti zaidi. "Babu alizaliwa hapa. Mama yake amezikwa kwetu."

Walimu wenye chai waliinua vichwa. Helen aliendelea kusahihisha, lakini kalamu yake haikuwa ikisogea. Ombui aliona mikono ya mtoto imekamata pindo la sketi, na akaona kwamba akiendelea neno moja zaidi atamfanya alie mbele ya watu.

"Ndiyo, Cate," alisema. "Ulitunga." Akapokea madaftari, akamruhusu arudi darasani.