Sellamuthu Hashuki

Saa tano asubuhi, Jumatatu, utomvu ukiwa umeshapimwa, Sellamuthu alipanda baiskeli kupeleka barua ofisini kwa meneja wa shamba. Alikuwa mgema wa mpira na katibu wa chama cha wafanyakazi, ambacho kilikuwa na umri wa miezi miwili. Barua ilidai mambo mawili tu: meneja azungumze na chama, na wafanyakazi wasilazimishwe tena kushuka baiskeli kila wakutanapo naye njiani.

Karibu na nyumba ya moshi, mpira unakokaushwa, likatokea gari la meneja, Bwana Ainsley. Sellamuthu hakushuka. Baiskeli ikainuka, ikapita juu ya paa la gari, ikaendelea kwa kimo hicho hicho hadi ofisini. Barua akaipitisha dirishani.

Alhamisi Afisa Kazi wa serikali alifika kutoka mjini kujadili hali ya wafanyakazi. Alikaa barazani na meneja pamoja na karani Kurup, mkalimani wao, wakanywa chai. Sellamuthu alikuwa hewani kando ya baraza, mguu mmoja kwenye pedali. Tangu Jumatatu baiskeli haikuwa imegusa ardhi.

"Mwambie ashuke tuzungumze," alisema Afisa Kazi.

Kurup akatafsiri kwa Kitamil, akiongeza lake. "Shuka bwana, usinitie matatani. Umekuwa kunguru?"

"Mwambie dorai wako, huyo bwana mkubwa, nitashuka siku atakayoshuka garini akiniona mimi."

Kurup aliwaambia wazungu wale wawili kwamba mtu huyu anaumwa mgongo.

"Kabla ya hicho chama walikuwa wanashuka vizuri kabisa," alisema meneja. "Na mimi sizungumzi na vyama. Mwenye shida aje peke yake."

"Huyu si amekuja peke yake?"

"Huyu hayuko chini."

Afisa Kazi akaona hoja hiyo ina uzito, akaiandika. Aliandika pia kwamba hali ya wafanyakazi ni ya kuridhisha. Kisha wakakubaliana Sellamuthu afukuzwe kazi, na nyumba yake iwe tupu kabla ya saa sita mchana. Kumfukuza shambani ndiko kulikowashinda, kwa sababu Kurup alisoma mkataba wa shamba mara mbili akakuta ardhi na miti imetajwa, hewa haikutajwa.

Walinzi wakaenda kutoa vyombo. Anjalai, mke wa Sellamuthu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Kumtoa mjamzito juani kwa sababu ya baiskeli ni ushenzi, hata uuandike kwa mwandiko mzuri namna gani.

"Toeni, toeni!" aliwaambia walinzi. "Sufuria hilo taratibu, lina adabu kuliko nyinyi. Jiwe langu la kusagia viungo msiliguse, mikono yenu imezoea kubeba trei."

Sellamuthu alifika juu ya paa, akaona vyombo vyao uani. Uso ulimbadilika.

"Anjalai, nishuke?"

"Ushuke uende wapi? Nyumba imeshakwenda. Shusha mkono tu."

Akashusha mkono. Wanawake wa jirani wakamsukuma Anjalai kwa chini, mmoja akimwonya asiwakanyage vichwa. Akakaa kwenye keria, jiwe la viungo mapajani. Baiskeli haikuteremka hata inchi moja.

Kesho yake meneja alipita njia ya mashamba wakati watu wakirudi kutoka kazini. Amri ya kushuka baiskeli ilikuwa bado ukutani ofisini, na kila mtu alikuwa na nyumba ya kupoteza. Wagema arobaini wakashuka baiskeli zao, wakasimama pembeni. Bwana Ainsley aliinua mkono kupokea heshima yake, na mkono ukabaki hapo. Wote arobaini walikuwa wamempa kisogo, nyuso juu, wakiwatazama Sellamuthu na Anjalai wakipita polepole kati ya matawi.

Alipofika ofisini akamwambia Kurup aandike kwamba amri inafuatwa.