Makofi ya Ng'ambo

Kila mwaka ifikapo mwezi wa tano, Profesa Delbert Unruh alitia sahihi fomu ya serikali bila kuisoma. Ndivyo walivyo wasomi wengi wa chuo kile cha Kansas: punje moja ya ngano wataichungulia mchana kutwa, lakini fomu wanaikimbia kama ukoma. Ikija, Unruh humwambia katibu wake, Jolene Kessler, "Jaza kama mwaka jana," naye hujaza.

Safari hii Jolene aliileta pamoja na kahawa, akaketi bila kukaribishwa.

"Swali la tisa sijalijaza, Profesa."

"Linauliza nini?"

"Kama una mkataba na mpango wowote wa nchi ya nje unaovuta watafiti wetu kwa siri. Mwaka jana hukuwa nao." Akaelekeza kidole ukutani. "Mwaka huu umeutundika."

Pale ukutani palikuwa na cheti ndani ya fremu ya dhahabu. Desemba iliyopita, kwenye karamu huko ng'ambo, Unruh alipewa cheo cha Mtaalamu Mgeni Mashuhuri. Watu mia mbili walisimama wakampigia makofi, naye akatia sahihi kurasa alizoletewa huku machozi yakimlengalenga. Miaka ishirini na sita alikuwa akitafuta ngano isiyoshikwa na kutu, ule ugonjwa wa madoa mekundu, kwa fedha za serikali ya Marekani, na hapa chuoni hakuna aliyewahi kumpa hata kalamu. Sifa ni tamu jamani, na mwenye njaa haulizi nani kapika.

"Ile ni heshima tu," alisema. "Tangu lini urafiki ukawa kosa?"

"Urafiki si kosa. Mtafiti mwenzako, Dokta Chaudhry, ana marafiki nchi nne, na wote kawaandika kwenye fomu yake." Jolene akatoa karatasi kwenye faili. "Cheti nilikipeleka kutiwa fremu mimi. Hizi kurasa nyingine zikabaki kwangu, jana nimezisoma. Kifungu cha nne, usimwambie mwajiri wako. Cha sita, mbegu utakazopata ni zao. Cha saba, huwezi kujitoa mpaka wakuruhusu. Urafiki gani huo wa kufungiwa mlango?"

Unruh alikasirika, hasira ya mtu aliyeshikwa. "Kazi yako ni kujaza, Jolene."

"Ndiyo. Na mkono huu haujawahi kujaza uongo." Akaweka kalamu mezani, akaendelea na kahawa yake.

Mfukoni mwa koti Unruh alikuwa na bahasha ya mbegu za mstari wa kumi na nne wa shamba lake la majaribio, ngano pekee iliyoishinda kutu. Zilikuwa zisafiri naye kwenda ng'ambo Alhamisi. Akijibu ndiyo, huenda angenyang'anywa utafiti wake mavuno yakiwa mlangoni. Akijibu hapana, asingejua mtu, ila yeye na huyu mama aliyemjazia fomu kwa uaminifu miaka yote. Alimwonea aibu. Akachukua kalamu, akatia alama kwenye ndiyo, kisha akabeba kurasa zile na fremu yake hadi ofisi ya usalama wa utafiti, ghorofa ya chini.

Bwana Pruitt, msimamizi wa pale, alizisoma taratibu. "Umeshawapelekea mbegu?"

"Bado." Unruh akaitoa bahasha.

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe. Lakini mpaka uchunguzi uishe, ngano ile hutaigusa."

Mwezi wa sita mashine ya kuvunia iliingia shambani bila yeye. Msimamizi wa mavuno alikuwa Dokta Chaudhry. Unruh alisimama nje ya uzio, mikono mfukoni, mpaka Jolene alipokuja na mkate wa mdalasini, wakamegeana.

"Kule wangenipigia makofi," alisema Unruh.

Mashine ilipofika mstari wa kumi na nne, mabua yalikuwa safi, hayana doa hata moja. Jolene akajifuta vidole kwenye sketi, akaanza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, hadi Dokta Chaudhry akageuka na kuvua kofia.

"Basi, Jolene. Watu wanatazama."

"Waache watazame," alisema, akaendelea.