Rejeta Imefunikwa

Kwa shemeji kila kitu kina nguo. Rimoti imevaa nailoni. Televisheni imevaa kitambaa. Makochi yamevaa plastiki ileile yaliyotoka nayo dukani, na mimi ndiye ninayelala kwenye hilo refu, kwa hiyo usinifundishe: ukiamka asubuhi mgongo unabanduka kama selotepu. Shemeji anauza magodoro. Anasema kitu kisichofunikwa hakina mwenyewe. Dada yangu aliolewa naye akiyaona hayo yote kwa macho mawili, basi mimi nani niseme.

Pikipiki yake nayo ilikuwa inalala verandani chini ya turubai tangu anunue gari. Pikipiki ya haja, siyo hizi za kukohoa. Inapozwa kwa maji, ina rejeta yake mbele kama gari, na mtaa mzima hakuna ya pili. Injini haikuwa na neno. Lakini kutu haiogopi turubai: vyuma vinavyoishika rejeta vilikuwa vyekundu, wavu unaoikinga mawe umeota magamba, na vile vibati vya pembeni vimebabuka kama uso wa mtu aliyetumia krimu mbaya.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kupeleka vifurushi. Nusu nimepata. Mwenye ofisi aliniangalia juu hadi chini akasema, "Jumatatu njoo na pikipiki. Ukija na miguu, rudi nayo."

Nikamwendea shemeji. Alikuwa anakula, nikangoja ashibe, maana mtu mwenye njaa jibu lake ni moja tu.

"Nitakupa," akasema. "Lakini siyo kwa sura ile. Watu wanajua ni yangu. Ipake rangi hapo mbele, rejeta na mazagazaga yake yote. Nataka niikute imefunikwa vizuri. Ikinitia aibu inarudi chini ya turubai, na wewe unarudi kwa mama yako."

"Hilo limekwisha, shemeji."

"Lini wewe ulimaliza kitu? Hata shule uliiacha njiani."

Nikamwondolea sahani. Nilikuwa nakalia kochi lake.

Jumamosi nikavuka barabara kwa Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, akaniazima mashine ya kupulizia rangi. Cheche haazimi kitu bila hotuba.

"Uso wa rejeta usiuguse," akaniambia. "Pale kwenye vile vibati vyembamba panapita upepo. Ukipaziba, umempikia mtu supu ya injini."

"Najua."

"Wote wanajua. Ndiyo maana nina wateja."

Nikafungua wavu, nikafungua vibati vya pembeni, nikavipiga msasa mpaka kutu ikaomba radhi. Nikafuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikapuliza rangi ya chini, ikakauka, nikapuliza nyeusi kidogo kidogo, siyo ya kuchuruzika kama machozi. Vyuma vya rejeta nilivipulizia palepale vilipo. Lakini kwanza uso wake niliufunika kwa gazeti, mheshimiwa mmoja alikuwa pale pichani anakata utepe, nikamzungushia utepe wangu wa gundi pande zote asitoroke.

Simu ikalia. Shemeji, yuko dukani.

"Rejeta vipi?"

"Nimeifunika, shemeji."

"Yote?"

"Yote. Hata tundu moja halionekani."

"Safi! Umekua sasa."

Nilifurahi, mjinga mimi.

Jioni rangi ilikuwa imeshika. Nikabandua gazeti, nikafunga kila kitu mahali pake, nikarudi nyuma kuangalia. Wavu mweusi tii, vyuma vinang'aa, na katikati uso wa rejeta na rangi yake ya kijivu ya kuzaliwa nayo, na nzi wawili watatu waliokufa humo zamani. Ilipendeza. Nikabeba mashine nikairudisha kwa Cheche, na Cheche akanipa hotuba ya kupokelea.

Niliporudi nilimkuta shemeji amechuchumaa verandani na shati lake la kazini, brashi mkononi, kopo la rangi ya geti miguuni. Rangi ile ya mafuta, nzito kama uji wa mgonjwa. Anaipaka kwenye uso wa rejeta. Anashindilia. Palipokuwa na nafasi anachovya tena.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Namalizia kazi yako. Umenidanganya kwenye simu."

"Nilikwambia nimeifunika!"

"Na mimi nimeikuta uchi."

"Nilifunika kwa gazeti, isiingie rangi!"

Akaniangalia kama mtu aliyeletewa godoro lililokojolewa. "Mtu anakwambia funika, wewe unaivisha gazeti, halafu unaivua? Sasa ulifunika nini?"

"Hapo panapita upepo, shemeji. Ukiziba inachemsha."

"Upepo wa nini? Hii ni pikipiki au mapafu?" Akachovya tena. "Ilivyokuwa na kutu ilichemsha? Leo inapopendeza ndiyo ichemshe?"

Nikamgeukia dada, yuko mlangoni. Akatikisa kichwa kidogo tu: acha. Dada anajua kwamba mume wake ukimzuia kwa mdomo ndiyo anaongeza mkono wa pili. Akaongeza kweli.

Jumapili nikasema angalau nitaisafisha kabla hajaamka. Wapi. Alishatoka kuoga, amevaa miwani ya jua na jua lenyewe halijakaza.

"Naizungusha mwenyewe kwanza," akasema. "Watu waione kwangu kabla hawajaiona kwako."

Akaondoka polepole, mwendo wa bibi harusi, anapunga mkono kwa watu ambao hawajamsalimia. Mimi nyuma kwa miguu. Dada nyuma yangu, anafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayekwenda msibani. Akafika kwenye duka la kinyozi, ambako kuna benchi la watu wasio na kazi ya kufanya, akasimama hapohapo makusudi, injini inanguruma, ili wamwulize kitu.

Hawakuwahi kuuliza. Pikipiki ilianza kwa kupumua, fuuu, halafu mvuke mweupe ukapanda mbele, maji ya moto yakamrukia suruali, yakachuruzika mpaka kwenye viatu vyake. Shemeji akaruka pembeni kama jogoo aliyekanyaga kaa la moto.

"Chai tayari!" mmoja wa benchi akapiga kelele.

"Weka majani basi!"

"Mimi sukari kidogo, nina kisukari!"

Cheche akaja mbio, maana hapo hapakosi kazi. Akazima injini, akainama, akakwaruza kwa kucha. "Nani kaipaka rejeta ya watu lami?"

Shemeji akavua miwani. Akaniangalia, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nihamie kwake: mtu yule hakuwa na kifuniko. Yuko wazi kabisa, mbele ya mtaa, suruali imelowa mahali pabaya.

Mimi ulimi wangu hauna breki, unajulikana. Ulikuwa umeshafika kwenye meno. Dada akanishika mkono. "Mdogo wangu," akaninong'oneza, "funika kombe."

Mwanaharamu apite. Ni nani hapo mwanaharamu, sikumwuliza. Nikahesabu yangu: nikisema kweli, pikipiki turubaini. Nikisema uongo, pikipiki turubaini na mimi kwa mama. Kazi imekwenda kwa njia zote mbili. Lakini yule ni dada, na ndiye atakayelala chumba kimoja na shemeji leo.

"Ni mimi," nikasema.

Cheche akafungua mdomo. Dada akamtazama. Akaufunga.

Shemeji akashusha pumzi, na pumzi ilipomrudia ikaja na sauti. "Mmemsikia! Nilimwambia afunike, kafunika kama kipofu! Pikipiki yangu nzima! Basi ichukue! Umeiua, izike mwenyewe. Sitaki kuiona tena verandani kwangu, wala usinirudishie. Nyote hapa mashahidi!"

"Mashahidi," benchi likaitikia, kwa mara ya kwanza lina kazi.

Tukaisukuma mpaka kwa Cheche. Nikaivua rejeta, nikailowesha kwa tina, nikaisugua kwa mswaki wa zamani, taratibu, maana vile vibati vyembamba ukivisonya tu vinalala. Cheche akapuliza upepo. Rangi ya geti ikatoka vipande vipande mpaka tukaona mwanga upande wa pili. Tukatia maji, tukaiwasha, tukaiacha ingurume. Ikakaa. Haikuchemsha.

Jumatatu asubuhi naiwasha nje, shemeji akatoka na kikombe.

"Kumbe imepona?"

"Imepona."

"Unaona sasa? Ile rangi yangu ilitaka kukauka tu. Haraka zenu vijana." Akanywa chai. "Ukitoka kazini tuipake na rejeta ya gari. Rangi ya geti bado ipo."

Nikashusha kioo cha helmeti mpaka kidevuni. Nyuma yake, dada alikuwa ameshachukua kifuniko cha lile kopo, anakigongelea kwa kisigino cha kiatu.